Vayolini Zisizo na Hewa

Tulimzika kaka Shija shambani kwake Kisarawe, pembeni ya mihogo aliyoipanda mwenyewe, mchana wa jua kali ambao hata wachimba kaburi walikuwa wanapokezana majembe kila mara. Baada ya mazishi watu walirudi chini ya turubai kula. Mimi nikapewa kiti cha plastiki karibu na spika, maana siku hizi nikienda popote napewa kiti, na vijana wa pale walikuwa wanapiga nyimbo alizotengeneza marehemu enzi zake za studio. Walipofika kwenye ule mmoja, alioutunga mwenyewe kwa ajili ya kwaya na vayolini, kijana mwenye kofia, ambaye alishaniambia kwamba naye ni prodyuza, akatikisa kichwa. "Mama, huyu mzee alikuwa noma," akaniambia. "Lakini hapa kwenye vayolini sijamwelewa. Hizi ni za bei chee kabisa, zile zinazokuja na programu. Na mle ndani kwake nimeona boksi la laibrari kubwa, yenyewe kabisa, okestra nzima. Unakaaje na mzigo kama ule halafu unapiga hizi?" Nilikuwa na sahani ya ubwabwa mapajani. Nilitaka kumjibu, nikaona jibu lake si la kutolewa huku watu wanagombania soda, nikamwambia tu ale. Lakini lilinikera swali lile, nikashindwa kumaliza chakula. Aliliuliza kama mtu anayeuliza kwa nini fulani alivaa shati hili asivae lile.

Mwaka wa wimbo ule ndio mwaka ambao masikio ya kaka Shija yalikufa. Nalisema mapema ili msomaji asipate tabu tuliyoipata sisi, maana sisi tuliishi karibu mwaka mzima tukidhani tatizo ni vayolini. Mimi nilikuwa binti aliyemaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo nyumbani hayakuzungumzwa, nimetoka Kisarawe kuja Kibaha kutafuta chochote cha kufanya. Nikakipata kwa Shija: kuchapa mashairi ya kwaya kwenye kompyuta yake, baadaye kukata na kuunganisha sauti, baadaye kukaa kitini mwake kabisa akiwa ametoka. Yeye alikuwa mwanamume wa kama miaka thelathini na tano, mrefu, mtu wa kanda ya ziwa ambaye familia yake ilihamia Pwani na ng'ombe zao, mpole kiasi cha kuudhi. Nilimwita kaka na nilimwamkia kila asubuhi kama inavyotakiwa. Alinifundisha kazi bila kunipigia kelele hata siku moja, na katika kazi ile, kwa wanaume niliokuja kufanya nao baadaye, hilo sikuliona tena.

Studio yenyewe ilikuwa chumba nyuma ya mgahawa wa dada yake, Maili Moja, hatua chache kutoka barabara ya Morogoro. Kutani tulibandika trei za mayai, mlangoni tukatundika blanketi mbili kuzuia ngurumo za malori, na dirisha lilizibwa kwa godoro kuukuu ambalo tuliliondoa saa za chakula ili tupumue. Feni ilizimwa kila tukirekodi, kwa hiyo nyimbo nyingi za kumsifu Mungu zilizotoka Kibaha miaka ile ziliimbwa na watu waliolowa jasho mpaka kiunoni. Harufu ilikuwa ya vitunguu vinavyokaangwa, na mchana dada yake alitupitishia wali maharage dirishani kwa sahani za bati. Mimi, mtoto wa Kiislamu wa Kisarawe, nikaja kujua nyimbo za kwaya zote za pale, sauti ya kwanza mpaka bezi, na hadi leo nikiosha vyombo najikuta naziimba, binti yangu ananicheka.

Sasa nieleze hiyo laibrari ni kitu gani, maana wengine hamjawahi kukaa studio. Ni sauti za vyombo halisi zilizopigwa na wapigaji halisi huko kwao, zikarekodiwa noti moja moja, zikawekwa kwenye kompyuta. Wewe ukibonyeza kinanda, zinatoka. Ile tuliyokuwa nayo ilikuwa ndogo, ilikuja pamoja na programu ya kurekodia. Vayolini, chelo na wenzao wote walikuwa wamefungwa fungu moja: ukibonyeza, wanalia wote kwa pamoja, kwa nguvu moja, mwanzo mpaka mwisho. Ile kubwa ilikuwa na kila chombo peke yake, kikipigwa taratibu, kikipigwa kwa hasira, kikidonolewa kwa kidole. Shija aliisikia ikisifiwa na prodyuza mmoja wa Dar es Salaam, na tangu hapo hakuwa na amani. "Mwaju," aliniambia, mkono ukiwa juu ya kinanda, "hizi zetu hazina hewa. Zamani zilikuwa nazo kidogo. Sasa hazina kabisa." Nikamwuliza sauti iliyo kwenye kompyuta inazeekaje, kwani ni embe? Akacheka, lakini hakuacha kuinamisha kichwa kuelekea spika ya kulia.

Tulibishana juu ya jambo hilo masika yote. Mimi nilikuwa upande wa ile ndogo na sikuona haya. Kwaya iliyokuwa mezani kwetu, ya mama mmoja mwenyekiti aliyeitwa Mama Upendo, ilitaka kanda yake iwe tayari kabla ya Krismasi, na wimbo wa Shija mwenyewe ndio ungefungua kanda hiyo. Ulikuwa wimbo wake wa kwanza kutoka kwa jina lake baada ya miaka ya kutengeneza nyimbo za watu, na alishaniambia kwamba akiukosea huo hatatunga mwingine. Nilimwambia waumini wa Kibaha hawaendi kuhesabu chelo ngapi zimelia. Nilimwambia kompyuta yetu ilikuwa inakwama kwa sauti chache tu, ikibebeshwa okestra nzima itazima na kutuachia moshi. Aliyasikia yote, au nilidhani ameyasikia, kisha akageuka na kupandisha kitufe cha sauti nyembamba, ile wanayoiita trebo. Kila wiki aliipandisha zaidi. Nyimbo zikaanza kutoka kali, kila penye herufi s pakipiga mluzi kama mafuta yamemwagikiwa maji, na wateja wakarudisha kazi wakisema zinawachoma masikio. Yeye alizisikiliza tena mbele yao kwa makini na kusema haoni ubaya.

Jumamosi moja kwaya ya Mama Upendo ilikuja kurekodi na sufuria zao, kama walivyozoea, wakapika pilau uani kwa mgahawa huku sauti ya pili ikiwa ndani. Walipopumzika kidogo, mimi nilikuwa nimeondoa godoro dirishani napunga upepo, na akina mama walikaa chini ya dirisha lile wakichambua mchele bila kujua kwamba kuna mtu. "Huyu Shija siku hizi anaringa," alisema mmoja. "Nimemwamkia mlangoni, shikamoo mwalimu, kapita kama kapita jiwe." Mwingine akasema yeye kashafanyiwa hivyo mara kadhaa. "Mbona wanaume anawaitikia?" akauliza Mama Upendo. "Mzee wa kanisa kamsalimu, kamwitikia vizuri tu na kumshika mkono. Ni sisi wanawake ndio hatuoni. Na watoto. Mjukuu wangu kamwamkia, kanyamaza. Mtu anakula kwa mikono ya wanawake halafu hawaitikii, huyo amelaaniwa." Wakaguna wote. Nilibaki nimeshika godoro, nimechukia, na sikuwachukia wao. Nilimchukia Shija, kwa sababu hata mimi sikuwa nimepata marahaba yake tangu mvua zianze, na nilikuwa nimeshajiambia kwamba ukubwa umempanda kichwani.

Anayejua malezi yetu atafahamu mahali tulipojikwaa. Mtoto wa kike halelewi kupiga kelele anapomwamkia mkubwa. Unashusha macho, unashusha sauti, ukiwa na adabu zaidi unasimama kando kidogo kumpisha njia, na shikamoo yako inatoka nyembamba, karibu pumzi tupu. Kadiri tulivyomheshimu ndivyo alivyozidi kutotusikia. Wanaume walimsalimu kwa sauti nzito, uso kwa uso, na mkono juu. Sauti nzito bado ilikuwa inamfikia. Sisi tulikuwa tumeshatoka kwenye masikio yake pamoja na vayolini, na katika watu wote wale waliokula pamoja naye hakuna aliyewaza ugonjwa. Sote tuliwaza kiburi. Naona uchungu hata sasa ninapoandika, maana mtu yule alikuwa na kila kitu duniani isipokuwa kiburi.

Baada ya masika akaamua kuuza ng'ombe wake. Walikuwa wawili, walikaa kwenye boma la kaka yake upande wa Soga, huko ambako leo treni ya umeme inapita ikiwaka taa na miaka ile palikuwa na vichaka na njia ya mifugo. Aliniomba nimsindikize, nadhani kwa sababu alijua kaka yake atamgombeza na alitaka shahidi. Tulifika mchana. Tukakaribishwa ugali wa mtama na maziwa ya mgando ndani ya nyumba ya udongo iliyokuwa na giza na ubaridi mzuri. Kaka yake alikuwa mtu wa maneno machache, akasema tu, "Unauza ng'ombe ununue kelele," na akaendelea kula. Tulipotoka nje kunawa, binti yake mdogo akaja na kata ya maji, akapiga goti mbele ya Shija, akasema shikamoo baba mdogo. Shija akanyoosha mikono amwagiwe maji. Mtoto akasubiri. Akasema tena, kwa sauti ndogo zaidi kwa sababu ya aibu, na maji yakaanza kumwagika pembeni maana macho alikuwa ameyashusha.

"Shija!" Kaka yake alinguruma kutoka mlangoni. "Mtoto kapiga goti anakuamkia, nawe unamtazama kama mbuzi? Mjini ndiko wanakofundisha hivyo?" Shija akageuka haraka, maana hiyo aliisikia. Akamtazama kaka yake, akamtazama mtoto, kisha akanitazama mimi. Hakunitazama machoni. Alinitazama mdomoni. "Ameniamkia?" akaniuliza. Nikamwambia, "Mara mbili, kaka." Akarudi chini, akachuchumaa mbele ya yule mtoto mpaka nyuso zikalingana, akamwambia marahaba mwanangu, marahaba sana, mimi nilikuwa mbali kidogo. Njia nzima ya kurudi Kibaha nikawa naogopa kwa namna ambayo sikuwahi kuogopa kwa ajili ya mtu asiye ndugu yangu. Nilikuwa nimeanza kuelewa. Yeye pia, nafikiri, alikuwa ameanza, ila bado alikuwa na tumaini moja, na tumaini hilo lilikuwa linakuja ndani ya boksi.

Ng'ombe wakaenda, kompyuta mpya ikaja, na boksi likaja: zito, limejaa DVD. Tuliziingiza moja baada ya nyingine, umeme ukikatika tunaanza upya, dada yake akilalamika kwamba tumegeuza chumba tanuri. Kazi ilipokamilika ilikuwa asubuhi ya kawaida, mgahawani watu wanakunywa supu. Shija akaniambia nikae mimi kwenye kinanda, yeye akavuta kiti chake mpaka katikati ya spika mbili na kufumba macho. Nikapiga mwanzo wa wimbo wake. Sijui niseme nini juu ya sauti ile. Nilisikia upinde ukigusa waya kabla ya noti kutoka. Nilisikia watu wengi wamekaa kwenye chumba kikubwa, kila mmoja na kifua chake, na noti ilipopanda juu kabisa nywele za mikono zilinisimama na macho yakajaa machozi, mimi niliyebishana masika yote kwamba haina maana. Nikageuka kumtazama nikiwa nacheka na kulia. Alikuwa amefumbua macho. "Bado," akasema. "Hazina hewa, Mwaju. Hata hizi."

Angeweza mtu mwingine kumwambia labda spika zina tatizo, labda tujaribu waya mwingine, na nilikuwa na maneno hayo mdomoni tayari. Lakini alikuwa ananitazama midomo. Nikamwambia, kwa sauti nzito kadiri nilivyoweza, "Kaka, hewa ipo. Ipo nyingi. Nimeisikia." Akaniambia nizipige zote mbili, ndogo kisha kubwa, bila kumwambia ipi ni ipi. Nikapiga. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Kisha akaniuliza ya kwanza ilikuwa ipi, nikamwambia ile ndogo, akasema, "Mimi nilidhani umepiga moja tu mara mbili." Akasimama, akaenda mgahawani, akaagiza supu. Nilimwona kupitia dirishani akiinywa polepole na chapati, kama mtu mwenye nafasi tele, huku mhudumu msichana akimwuliza kitu pembeni na yeye hajui kwamba anaulizwa.

Daktari wa Dar es Salaam hakukawia naye. Nilikuwepo, nimekaa kwenye benchi la kijani, nikimrudishia maneno kwa sauti nzito. Alisema mishipa ya kusikia imeharibika, sauti nyembamba ndizo hutangulia kuondoka na nyingine hufuata nyuma yake, na kwamba kilichopotea hakirudi. Akataja vifaa vya kuvaa sikioni, akasema vitamsaidia kuongea na watu. Shija akauliza kama vitamsaidia kusikia vayolini. Daktari alikuwa kijana, na nadhani alikuwa mtu mwema, maana alimsogelea na kumgeuzia uso wote kabla ya kusema hapana, si kama zilivyo. Nje getini tulinunua machungwa yaliyomenywa, tukayala tumesimama. Aliniambia machungwa ya Kisarawe ni matamu zaidi, na kwamba huenda atatafuta shamba huko. Mimi nikasema nitawauliza watu wa kwetu. Tulizungumza mambo ya shamba mpaka tukafika nyumbani, mvua, mihogo, nguruwe pori, na hatukugusa kitu kingine.

Mama Upendo ndiye niliyemwambia. Sikuomba ruhusa, nilimfuata uani nikamweleza yote, na yule mama akakaa chini juu ya kinu kilicholazwa akajipiga kifuani akisema, "Nimemlaani mgonjwa. Ee Mungu, nimemlaani mgonjwa." Kuanzia hapo kwaya nzima ilikuwa inamzunguka mbele kwanza, wanampungia mkono ndipo waseme, wanawake wazima kama watoto wa chekechea, na yeye anaitikia kila mmoja na kucheka. Ilikuwa ni wema, na mimi sikuweza kuutazama. Nilikuwa naingia ndani na kuzima feni bila sababu.

Ukabaki wimbo wake. Kila kitu kingine kwenye kanda kilikuwa tayari, sauti za kwaya zilishaingizwa, na mimi nilikuwa nimekaa siku kadhaa nikiupanga na ile laibrari kubwa, chombo kimoja kimoja, kwa jinsi alivyokuwa ananielekeza zamani tulipokuwa tunaiota tu. Naamini ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kuzifanya. Nilitaka kumpa kitu. Alikuja mchana, akaketi, akatazama kwenye kioo cha kompyuta mistari ya vyombo jinsi ilivyopangana, mingi, rangi mbalimbali, akanisifu kwa kazi yangu safi. Halafu akasema, "Itoe, Mwaju. Rudisha ile ndogo."

Nilidhani nimesikia vibaya, na hilo nalo lingekuwa kichekesho. Nikamwambia, "Kaka, kubwa ndiyo nzuri. Wallahi nakuapia. Nilikuwa nimekosea mimi, wewe ndiye uliyekuwa sahihi tangu mwanzo. Umeuza ng'ombe kwa ajili yake. Watu wakisikia hii watalia."

"Najua ni nzuri," akasema. "Nakuamini kuliko ninavyoyaamini masikio yangu. Wewe itumie hapa studio, fanyia kazi za watu, usiiache ikae bure. Lakini huu ni wimbo wangu, na hiyo kubwa mimi sijawahi kuisikia, wala sitaisikia. Hii ndogo nilianza nayo nikiwa mzima." Akaweka mikono kwenye kinanda bila kubonyeza. "Hii naikumbuka. Nikiipiga naisikia yote, mpaka juu. Rekodi basi, kabla sijaisahau."

Nikaitoa ile kubwa, mstari kwa mstari, nikaweka ile ndogo mahali pake. Nikamwonyesha kidole kwamba iko tayari, naye akainua kichwa, akasubiri, na mimi nikabonyeza kitufe cha kurekodi.